Maneno ya Kibao ni ya Mwenye Kibao

Nyie vijana mnaochapa mabango hapa Mpanda mjini, tuelewane mapema. Sikuja kuwafundisha kompyuta, maana hata kuiwasha siwezi. Mashine zenu zilinistaafisha kabla magoti hayajafanya hivyo, na sina kinyongo. Bango ambalo mimi ningehangaika nalo siku mbili, nyie mnalitoa kabla chai haijapoa, na herufi zimenyooka kuliko zangu. Ila mna ugonjwa mmoja ambao mimi mwenyewe niliwahi kuugua, na nikiuona kwa mwingine nakereka mpaka chakula hakipiti.

Juzi niliingia kwa mwenzenu mmoja kumsalimia. Nikamkuta anachapa bango la kikundi cha viziwi, wana sherehe yao. Walikuwa wamemtumia maneno yao kwa simu, wameyaandika vizuri, hakuna kosa. Yeye kafuta neno viziwi, kaweka lake. Nikamuuliza, mbona umebadilisha? Akanijibu bila aibu, "Mzee, la kwao lilikuwa kali. Nimewawekea la kistaarabu." Nikamuuliza kama amewauliza. Akacheka. Halafu akasema, "Basi Mzee, wewe si wa zamani, nipe orodha niibandike ukutani. Mazuri huku, mabaya huku."

Orodha! Nilitoka pale bila hata kumuaga, nikarudi nyumbani nikaanza kuandika haya.

Mimi kazi ya vibao nilifundishwa na Mzee Fabiani, mtu wa Karema, aliyeanza kwa kuandika majina ya boti kule ziwani. Alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Anashika brashi, anavuta pumzi, herufi inashuka bila kutetemeka hata kama boti inayumba. Na alikuwa na sheria moja tu, ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote. Mteja aandike maneno yake mwenyewe kwenye kikaratasi, kwa mkono wake. Asiyejua kuandika aseme mara tatu, na wewe umrudishie mara tatu. Kikaratasi kinagongelewa msumari juu ya kibao, na hakishuki mpaka rangi ikauke. "Kikaratasi juu, brashi chini," alikuwa anasema, na ukisahau anakukumbusha kwa ule mti wa brashi kwenye vidole.

Siku moja alikuja mwenye boti na kikaratasi kimeandikwa NIMECHOKA. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, bado najiona nina akili. Nikamwambia yule baba, boti inaitwaje Nimechoka, itavua kweli? Tuweke Neema. Mzee Fabiani akaniuliza mbele ya watu:

"Boti yako?"

"Hapana."

"Umewahi kuivuta mpaka nchi kavu?"

"Hapana."

"Sasa wewe umejuaje kwamba huyu baba hajachoka?"

Watu walicheka mpaka nikatamani ziwa linimeze. Tukaandika NIMECHOKA, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na ile boti ilivua dagaa kama boti nyingine zote.

Mambo mengine aliyonifundisha nyie hamna haja nayo, lakini nitayasema maana yananiwasha. Kiangazi, ukiandika nje, anza alfajiri na umalize kabla ya saa nne, kwa sababu upepo ukianza vumbi la barabara linalala kwenye rangi mbichi na huwezi kulitoa. O ifanye kubwa kidogo kuliko jirani zake, la sivyo jicho litaiona imesinyaa. Bati jipya lipake siki kwanza, au rangi itabanduka mvua ya kwanza tu. Na kama ni duka la asali, kama lile nililoandikia Inyonga, usitumie rangi ya njano mchana. Nyuki walikuja wakajibandika kwenye herufi A zote mbili, na mwenye duka akasema niwaache, wanavutia wateja.

Haya. Sasa makosa yangu, ambayo ndiyo sababu ya maneno yote haya. Ni mawili, na nitaanza na la pili kwa sababu ni fupi.

Kulikuwa na fundi viatu anaitwa Remi, mtu anayetembelea magongo mawili tangu utotoni. Alinipa kikaratasi: REMI FUNDI VIATU, VYA WAKUBWA NA WADOGO. Wakati huo nilikuwa nimetoka kuumbuliwa kwa kosa la kwanza, ambalo nitalisimulia. Lilikuwa limenifundisha kwamba kuna watu wanaopenda neno lao la wazi, lisilopakwa sukari. Nikajiona nimehitimu. Nikaona nimfurahishe Remi. Nikaongeza chini, kwa ukarimu wangu, KIWETE MAKINI.

Remi alikisoma kile kibao. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliniumiza, "Fundi, mimi nashona viatu kwa miguu?"

Nikasema hapana.

"Mteja anataka kujua nashona kwa kutumia nini. Nashona kwa mikono. Sasa miguu yangu imefuata nini kwenye kibao?"

Nikajitetea. Nikamwambia basi nifute niweke mwenye ulemavu. Akaweka chini kiatu alichokuwa nacho. "Siku nikienda kwenye mkutano wa chama chetu, najiita mtu mwenye ulemavu, na nalisema kwa sauti, kwa sababu pale tunazungumzia ngazi za ofisi zinazonizuia kuingia. Hapa tunazungumzia soli. Umenielewa, au nikuandikie?"

Nilielewa. Nilipiga msasa ule mstari mpaka bati likang'aa. Lakini mnaona nilivyokuwa mjinga? Nilikuwa nimekosea mara ya kwanza kwa sababu sikuuliza. Badala ya kujifunza kuuliza, nikajifunza neno. Kuuliza si ujinga, tunaimba tangu darasa la kwanza, halafu tukishika brashi tunasahau. Ndiyo maana kijana aliponiomba orodha nilitaka kulia. Ningeandika kiziwi kwenye safu gani? Na kiwete? Neno ambalo mmoja amelivaa kama shati lake mwenyewe, mwenzake ukimvisha unamvua nguo.

Kosa la kwanza sasa.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja, dada kiziwi, pale jirani na soko, kwenye fremu iliyopakana ukuta na duka la nafaka la Mzee Damiani. Mzee Damiani ni mzee wa kanisa, mtu mwema, mtu ambaye akikukuta njiani anakuuliza hali ya kila mtu nyumbani kwako mpaka unachelewa unakokwenda. Yule dada wazazi wake ni wa Katumba, wale waliotoka Burundi zamani, uraia wamepewa, watoto wao wamezaliwa hapa, na bado wanaitwa wakimbizi na watu walioshuka Mpanda jana kwa basi. Kwa hiyo kuitwa asivyotaka alikuwa amekuzoea kwa pande mbili, na hakuwa na subira kwa upande wowote.

Alikuja kwangu na kikaratasi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja. FUNDI CHEREHANI. KIZIWI. NJOO MBELE NIKUONE. Nikamwonyesha kidole gumba, akaniachia namba yake ya simu kwenye kona ya kikaratasi, akaondoka. Kesho yake alikwenda Sitalike, dada yake alikuwa amejifungua.

Nilipaswa kugongelea msumari, nipake rangi, basi. Lakini wiki ile ile nilikuwa nimeandika bango la kitambaa la semina fulani ya watu wenye ulemavu, na nikabaki pale kusikiliza kwa sababu ya soda. Semina haikuwa mbaya. Walisema kuna maneno yanayoumiza, na ni kweli yapo. Pengine walisema pia tuwe tunawauliza wenyewe. Kama walisema, mimi nilikuwa nje nafungua soda ya pili. Nilichorudi nacho nyumbani ni maneno mapya mdomoni, na kijana akipata maneno mapya au mzee akipata maneno mapya, ni yale yale, lazima ayatumie kabla hayajachacha.

Nikakishusha kikaratasi cha yule dada. Nikaandika: FUNDI CHEREHANI MWENYE MAHITAJI MAALUMU. Herufi za bluu juu ya rangi nyeupe. Lile MAALUMU lilinipa shida kwenye nafasi, nikalibana mpaka likaenea. Lile la njoo mbele nikalitoa, kibao kilikuwa kimejaa. Nilisogea nyuma nikakitazama nikajisikia msomi. Nikaenda kukitundika mwenyewe, Mzee Damiani akanishikia ngazi. Akasoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hapo umemheshimu binti," akasema.

Siku mbili baadaye nilipita pale, Mzee Damiani akaniita nikasikie mazuri. Kwanza, mama mmoja alikuwa ameacha mlangoni pa yule dada furushi la nguo kuukuu, msaada. Pili, walikuja watu wa kamati ya wazazi wa shule moja. Yule dada alikuwa ameshawashonea sampuli ya sare, wameipenda, walikuja kumpa kazi ya darasa zima la kwanza. Wakasoma kibao. Wakamuuliza jirani.

"Nikawaambia binti ni mzuri sana, ila ndiyo hivyo, ana mahitaji," Mzee Damiani akaniambia. "Wakasema basi tusimtwishe mzigo, tutatafuta mwingine. Watu wana huruma, fundi."

Nilisimama pale jua linanichoma kisogo. Kazi ya darasa zima ilikuwa imeondoka, na iliondoka kwa mkono wangu, kwa rangi yangu ya bluu.

Alirudi siku ya tatu. Sikumwona akifika kwenye fremu yake, nilimwona akifika kwangu. Alikuwa ameshika lile furushi la nguo kuukuu. Akaliweka juu ya meza yangu, juu ya rula zangu, akatoa daftari. Mpaka leo nakumbuka maneno yote, kwa sababu yaliandikwa, na maneno ya kuandikwa hayana pa kujifichia.

"Nani kaandika vile?"

Nikaandika: "Mimi."

"Nani kakuambia?"

"Semina."

"Mimi nilikuwepo?"

Nikaandika kwamba nilitaka kumheshimu, na kwamba yeye alikuwa Sitalike, ningempataje. Akachukua kalamu, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka. "Namba nilikuachia. Simu ilikuwa hewani. Mimi ni kiziwi, meseji nasoma."

Halafu akaongeza mstari mmoja chini: "Hitaji langu maalumu ni kibao changu."

Nilimwandikia nisamehe. Alilisoma. Akanionyesha jua, kisha akanionyesha upande linakochomoza, na nikaelewa ni kesho asubuhi.

Asubuhi nilikuwa pale mapema na ngazi na kopo, kikaratasi chake nimekigongelea msumari juu. Nilikuwa nimeshafuta, nimepaka nyeupe, nimeandika FUNDI CHEREHANI, nimeanza KI, Mzee Damiani akafungua duka lake.

"Weee! Shuka hapo. Unaandika nini?"

"Kiziwi."

"Unamtukana binti wa watu barabarani? Sisi zamani mtu akiitwa kiziwi ni mpumbavu, haambiliki."

Sauti yake ni kubwa, ya kwaya. Watu wakaanza kusogea. Mama wa vitumbua akasema iandikwe asiyesikia. Mwenye bodaboda akasema, "Mimi namwitaga bubu wa cherehani, na abiria wote wanafika." Bubu! Mwanamke ambaye mikono yake haijawahi kunyamaza! Mwingine akasema sijui serikali inataka waitwe vipi. Mama wa vitumbua akasema kiziwi ni neno la watu wa mjini, kijijini kwao Inyonga wanasema vingine. Mzee Damiani akaleta Maandiko. Na mimi nikashuka ngazini, nikaingia katikati, nikapandisha sauti kuliko wote. "Mwacheni! Yeye mwenyewe ndiye anataka! Mimi namjua, mimi ndiye nimezungumza naye, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!" Nilikuwa natoa hotuba hasa. Nilikuwa nalipia dhambi zangu kwa mdomo.

Nikahisi kitu kinanigonga begani. Ni rula yake ya mbao, ile ya kupimia suruali. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, kwenye mlango wake. Akainua daftari, maneno makubwa, ya kusomeka na watu wote.

"Mnabishana juu yangu, na wote mmenipa mgongo. Na wewe fundi pia."

Nilikuwa nimempa mgongo kweli. Na mimi pia. Aibu iliyonipata siwatakii hata nyie.

Akamgeukia Mzee Damiani, akaandika ukurasa mzima, akampa. Mzee hakuwa na miwani, akanipa mimi nisome. Nikawasomea watu: "Baba, sisikii. Hilo si siri wala si tusi, ni hali yangu na ni watu wangu, tunajiita viziwi. Mteja akisoma kiziwi anajua aje mbele, asiniite kwa nyuma akaondoka akidhani nina dharau. Neno mliloweka lilimwambia nini? Lilimwambia niko mgonjwa. Sare zimekwenda."

Mwenye bodaboda akajifanya anakagua tairi. Mzee Damiani alikuwa ameinamisha kichwa, maana sare alijua zilikwendaje. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie hatukuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunamheshimu."

Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe, Mzee. Yuko mbele yako, na daftari hili hapa, shika."

Alinitazama kwa hasira kidogo, kisha akamtazama yule dada. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anamtazama kwa kukaa, si kwa kupita. Akachukua kalamu. Mzee yule aliandika polepole, herufi moja moja, za mtu aliyesoma usiku shule ya watu wazima. Aliandika pole. Kisha akafikiri, akaongeza: "Sasa sisi majirani tukuiteje?"

Yule dada akasoma. Akatutazama mmoja mmoja, mama wa vitumbua, bodaboda, mimi, Mzee. Kisha akaandika, akamgeuzia Mzee daftari karibu kabisa na macho, maana hakuwa na miwani.

"Kibao kinasema kiziwi kwa wateja. Nyie majirani, mimi ni Jenoveva."

Zile sare hazikurudi. Zilishonwa kwingine, na kwa mwaka mzima nilizikuta barabarani asubuhi zikienda shule, kola zimepinda, na kila nilipoziona niligeuza uso. Siku ile nilipanda ngazi nikamalizia ZIWI, nikaandika na njoo mbele nikuone, na Jenoveva akanionyesha kwa kidole kwamba Z imekonda, nikairudia.

Mzee Damiani alibaki amesimama pale chini na lile daftari, akilisoma jina kwa midomo, polepole, mara ya pili, mara ya tatu. Walikuwa wamepakana ukuta miaka sita.